Maulizo mengi, wageni wachache: ninavyosuka upya tovuti za kampuni za utalii

Mwenye kampuni ya utalii Arusha au Moshi akinipigia simu, ombi lake huwa lilelile: "Nitengenezee tovuti ya kisasa, watu waulize zaidi." Hapo tunaanza kubishana, kwa heshima. Maulizo mara nyingi anayo tele. Barua pepe zinaingia usiku kucha, mtu wa mauzo anaandaa kotesheni (makadirio ya bei ya safari) mpaka macho yanauma, na mwisho wa mwezi walioweka amana unawahesabu kwa vidole. Ukimwongezea maulizo umemwongezea kazi tu. Anachohitaji ni tovuti inayowafanya wasio wake wapite zao mapema, na walio wake wafike wakiwa wameshajibiwa nusu ya maswali.

Kwa hiyo mwanzoni sigusi rangi wala nembo. Naomba nikae na mtu wa mauzo, tufungue barua pepe na WhatsApp ya ofisi, tusome mazungumzo ya msimu uliopita. Tunayagawa mafungu: walionunua, waliopotea baada ya kuona bei, waliopotea kabla hatujawajibu, na wale ambao hawakuwa wateja tangu salamu ya kwanza. Fungu la pili na la nne ndiyo makubwa, na yote mawili yanasababishwa na kitu kimoja ambacho tovuti imekificha.

Kitu hicho ni bei. Tovuti nyingi za hapa, mahali pa bei zimeandika "wasiliana nasi" na basi. Ukiuliza sababu, unaambiwa washindani wataiona. Jamani, washindani wameshaiona. Kila ofisi mjini ina shangazi aliye Dallas wa kumwombea kotesheni. Hoja ya pili ina uzito zaidi: bei inabadilika kwa idadi ya watu, msimu na lodge, kwa hiyo huwezi kuandika moja. Ni kweli. Lakini unaweza kuandika bei ya kuanzia na kuonyesha inatokana na nini.

Chukua kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku 7. Ada ya uhifadhi Kilimanjaro kwa mgeni asiyetoka Afrika Mashariki ni dola 70 kwa siku, yaani 490. Kambi ni dola 50 kwa usiku, mara 6, ni 300. Ada ya uokoaji ni 20. Jumla 810; weka VAT ya asilimia 18, zinakuwa dola 955.80. Fedha hizo zinakwenda hifadhini kabla hujamlipa mwongoza wageni, mpishi na wapagazi, kabla hujanunua hata kilo moja ya mchele. (Viwango hubadilika, kwa hiyo andika mwaka pembeni yake na umteue mtu wa kuvihuisha. Bei ya miaka mitatu iliyopita inaaibisha kuliko kutokuwa na bei.)

Mgeni mwenye bajeti ya dola 1,100 akiiona hesabu hiyo, ama ataelewa na kupanga upya, ama atamwendea anayekubali kumpandisha kwa fedha hizo. Huyo anayekubali, sote tunajua nakisi anaifidia kwenye posho ya wapagazi. Vyovyote iwavyo, wewe umeokoa jioni nzima ya kuandikiana barua. Faida kubwa zaidi iko kwa mgeni ambaye uwezo anao, ila anashangaa kwa nini wewe umemtajia 2,300 na jirani yako 1,500. Huyo haulizi, anafunga ukurasa kimya kimya. Ukimwonyesha ada, mishahara, uwiano wa waongozaji kwa wageni na ukomo wa kilo 20 kwa mpagazi, anaona tofauti ya bei imekwenda wapi. Kama kampuni inashirikiana na KPAP, mradi wa Moshi unaofuatilia hali za wapagazi, nembo yake naitoa kule chini kabisa ya tovuti ilikozikwa na kuiweka karibu na bei. Pale ndipo inapofanya kazi.

Baada ya bei nageukia fomu. Fomu ndefu inafukuza watu, fupi kupita kiasi inaleta "how much safari" na namba ya simu isiyopatikana. Ninapima hivi: swali ambalo jibu lake halibadilishi kotesheni, litoke. Idadi ya wageni inabaki, maana ada ya kushuka kreta ya Ngorongoro inatozwa kwa gari, dola 295 pamoja na VAT. Wageni wawili wanabeba 147.50 kila mmoja, wakiwa sita haifiki 50. Umri wa watoto unabaki, kwa kuwa chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio cha hifadhi na wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao. Mwezi wa safari unabaki, na ndani yake chaguo la "tarehe zangu zinaweza kusogea". Namba ya pasipoti, ambayo nimeikuta kwenye fomu za kwanza kabisa, inatoka bila mjadala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kukusanya taarifa usizozihitaji ni kujitafutia kesi.

Swali la bajeti siachi kisanduku kitupu, maana mgeni hajui aandike nini na anaogopa kujipunja. Naweka ngazi tatu za malazi, kila moja na bei yake ya kuanzia kwa mtu kwa siku, achague. Kisha naongeza swali moja ninalolipenda kuliko yote: umefikia wapi? Majibu ni matatu: bado naota tu, nalinganisha kampuni, au likizo nimeshaomba na tarehe ninazo. Watu hujibu kwa ukweli usioutarajia. Ofisi inaanza na wa tatu, inafuata wa pili. Wa kwanza anatumiwa makala nzuri ya miezi na misimu, anaachwa aendelee kuota.

Misimu yenyewe inastahili kurasa zake. Mtu anayeandika "Tanzania safari" kwenye Google bado hajui anataka nini, na hapo unapigana na kampuni kubwa zenye bajeti ya matangazo. Anayetafuta Lemosho, njia nyingine ya Kilimanjaro, ya siku 8 mwezi Februari ameshaamua mambo mengi, na kampuni ndogo inaweza kumpata kwa ukurasa mmoja ulioandikwa na mtu aliyeipanda njia hiyo. Tatizo ni kwamba karibu kila tovuti ina picha ya nyumbu wakivuka Mto Mara mbele ya mamba, na inauza safari mwaka mzima. Mgeni anakuja Februari anadai mamba wake. Uvukaji wa kule Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, kwa kawaida ni Julai hadi Oktoba. Januari hadi Machi nyumbu wako kusini, Ndutu, wanazaa. Ukurasa wa Februari useme hivyo bila kuzunguka, na uonyeshe ndama anayesimama dakika chache baada ya kuzaliwa. Atakayeandika baada ya kuusoma, tarehe zake na matarajio yake vinaendana.

Vivyo hivyo kwa safari usizotaka kuuza. Kuna watu wanaomba Serengeti kwa siku 2 kwa gari kutoka Arusha. Badala ya kumjibu kila mmoja, andika ukurasa unaoeleza kwa nini hamuiuzi, muda unaoishia barabarani, na mbadala wake ni Tarangire na Ngorongoro.

Kuhusu WhatsApp, kitufe kimoja cha kijani kinachosema "tuandikie" hakitoshi. Kiungo kinaweza kubeba ujumbe uliojazwa tayari, kwa hiyo aliyebofya kwenye ukurasa wa Lemosho ujumbe wake utataja Lemosho. Kumbuka pia saa. New York iko nyuma yetu kwa saa 7 au 8; mama aliyelaza watoto akakaa kuandika saa tatu usiku, Arusha ni alfajiri ya saa kumi au kumi na moja. Ukurasa wa shukrani baada ya fomu useme nani atajibu na lini kwa saa za mgeni, uambatane na ratiba ya mfano ya kusoma wakati anasubiri. "Asante, tutawasiliana" ni nafasi iliyotupwa.

Ya kiufundi nayapitia haraka. Picha ya simba ya megabaiti 6 ipunguzwe na iwekwe katika WebP, muundo mwepesi wa picha za tovuti; Google hupima tovuti kwa toleo lake la simu, na hupendelea kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Anwani za kurasa za zamani zielekezwe kwenye mpya kwa 301 (alama ya kwamba ukurasa umehama moja kwa moja), ukurasa kwa ukurasa, zisirushwe zote ukurasa wa mbele. Tovuti nyingi zilizosukwa upya zimepotea Google kwa kosa hili tu.

Mwisho ni kupima. Ndani ya fomu naweka sehemu isiyoonekana inayorekodi mgeni ametokea ukurasa gani. Kila ulizo linaingia kwenye jedwali: ukurasa, ngazi ya malazi, amefikia wapi, kotesheni ilitoka lini, amana imeingia au la. Namwandaa bosi mapema kwamba idadi ya maulizo itashuka, na namwomba asiniite kikaoni kabla hajaangalia safu ya amana. Kazi yenyewe napenda tuifanye Aprili na Mei, masika yakiwa yamefunga barabara na waongozaji wako nyumbani, maana wao ndio wanaojua Lemosho ya Februari ikoje, na Juni ikishaanza huwapati tena.