Je, wajua? Ebola haivamii seli, humezwa nayo

Kirusi cha Ebola ni uzi mwembamba wenye jeni saba tu, uliofunikwa kwa utando wa mafuta wenye protini zilizochomoza. Kikiwa nje ya seli hakiwezi kufanya lolote, hata kusogea. Sasa kinaingiaje?

Kinajifanya mfu. Seli ya mwili inapokufa, mafuta fulani ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa utando wake hugeukia nje. Hiyo ndiyo ishara kwa seli nyingine kwamba hapa pana mabaki ya kuondolewa. Kirusi cha Ebola kinapotoka kwenye seli kilimozalishwa huondoka kimejivika kipande cha utando wake, na mafuta yale yale yamo upande wa nje. Seli inayokutana nacho hudanganyika: utando wake hujikunja, hukizingira, na kukimeza kizimakizima ndani ya kifuko.

Kifuko hicho ni kama tumbo la seli, kina asidi na vimeng'enya vya kukatakata protini. Vingi vinavyoingia humo mwisho wake ni humo humo. Ebola ndipo inaponufaika. Vimeng'enya vikishakata sehemu inayofunika protini yake ya juu, kinachobaki wazi hunasa protini ya seli yenyewe iitwayo NPC1, ambayo kazi yake ya kila siku ni kusafirisha kolesteroli. Utando wa kirusi huungana na wa kifuko, jeni zake humwagikia ndani ya seli, na seli huanza kuzalisha virusi vipya.

Jambo hili lilijulikana mwaka 2011, na lilishangaza, maana virusi vingi hunasa kipokezi chao, yaani protini ya seli vinayoishika ili viingie, juu ya seli, si ndani yake. Kuna ugonjwa adimu wa kurithi, Niemann-Pick aina C, ambao wengi wa wagonjwa wake wana hitilafu kwenye NPC1. Seli zao zilipopimwa maabara, Ebola ilishindwa kuziambukiza. Dawa ya Ebanga, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, hutumia mwanya huo huo: ni kingamwili, yaani protini ya kinga ya mwili, inayoziba sehemu ya kirusi inayonasa NPC1. Asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola katika mlipuko wa Kikwit, Kongo, mwaka 1995.

Miongoni mwa seli za kwanza kuambukizwa ni makrofaji, zile zinazozunguka mwilini zikila vijidudu na mabaki. Ndizo zinazofikisha kirusi kwenye ini na bandama.

Kutoka mtu hadi mtu, Ebola haisambai hewani kama surua. Hupita kwenye damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mwili, ikipenya kwenye ngozi iliyochubuka, macho, pua au mdomo. Dalili huanza siku 2 hadi 21 baada ya kuambukizwa, na kabla ya hapo mtu haambukizi wengine. Virusi huongezeka kadiri mgonjwa anavyozidiwa, na maiti huwa imejaa virusi. Ndiyo maana wanaoambukizwa zaidi ni wauguzi, ndugu wanaomwuguza mgonjwa, na wanaoosha maiti. Naona huo ndio ukatili wake mkubwa. Huko Yambuku, mwaka 1976, sindano zilizotumika kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine bila kutakaswa zilichochea mlipuko wa kwanza kujulikana nchini Kongo, wakati huo Zaire. Katika mlipuko wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, waliougua walizidi 28,000 na waliokufa 11,000, na mazishi yalikuwa njia mojawapo kubwa ya maambukizi.

Kupona nako si lazima kuwe mwisho wa kirusi. Kinaweza kujificha ndani ya jicho au korodani, mahali ambapo kinga ya mwili haifanyi kazi kwa nguvu zote, na kikaendelea kupatikana kwenye manii kwa miezi mingi. Guinea ilipopata mlipuko mwaka 2021, jeni za kirusi kilichopatikana zilikuwa karibu sawa na za kile cha miaka ya 2014 hadi 2016. Wataalamu waliona maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba kirusi kilikuwa kimetulia kwa miaka mitano au zaidi katika mwili wa mtu aliyewahi kuambukizwa.