Injini Zilizopishana Kwenye Boti za Mbio

Boti ya kasi yenye injini mbili za ndani inaweza kupangwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuziweka injini sambamba, bega kwa bega, zote zikiwa zimesogezwa hadi kwenye ukuta wa tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti. Ya pili ni kuzipisha: moja inabaki nyuma kabisa, nyingine inakaa mbele yake ikiwa imeegemea upande wa pili, na nguvu zake zinapelekwa nyuma kwa shafti ndefu inayopita ubavuni mwa ile ya kwanza. Huo wa pili ndio mpangilio wa injini zilizopishana. Ukisimama nyuma ya boti iliyopandishwa pwani utautambua kwa propela mbili zilizokaribiana kuliko kawaida.

Asili yake ni umbo la tumbo la boti. Mwaka 1960 boti iitwayo Moppie, iliyochorwa na Ray Hunt na kumilikiwa na Dick Bertram, ilishinda mbio za Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka. Tumbo lake lilikuwa la V yenye mteremko wa digrii 24 hivi, na mteremko huo ulikwenda hadi tezi bila kulainika njiani kama wachoraji wengi walivyozoea. Tumbo la aina hiyo hulipasua wimbi, halilipigi kwa ubapa. Don Aronow, aliyeanzisha kampuni ya boti za kasi ya Cigarette huko huko Miami, alijenga boti za tumbo hilo zikiwa ndefu na nyembamba. Wembamba huo ndio unaowapa shida mafundi wa injini.

Injini kubwa ya baharini ya V8, yaani ya silinda nane, pamoja na mabomba yake ya moshi, hufika upana wa sentimita 75 au zaidi. Zikikaa mbili sambamba, katikati ya kila moja kunakuwa kama sentimita 40 kutoka mkukuni, yaani kwenye mstari wa katikati chini ya tumbo. Kwa mteremko wa digrii 24, sakafu hupanda karibu sentimita 4.5 kwa kila sentimita 10 unazokwenda pembeni, kwa hiyo hapo tayari imepanda 18. Zipishe, na tuseme kila moja imesogea hadi sentimita 25 kutoka mkukuni: sakafu hapo imepanda 11 tu. Sentimita 7 si nyingi kwa macho, lakini kinachoshushwa ni mzigo unaokaribia tani nzima kwa injini mbili. Kila nahodha aliyewahi kupanga farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, chini ngamani anajua kwamba uzito uliokaa juu ndio unaokifanya chombo kiende mrama.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye kona. Boti ya V ikikata kona hulala kuelekea ndani ya kona, na propela ya nje huinuka. Ikilala digrii 20, propela iliyo sentimita 40 kutoka katikati hupanda karibu sentimita 14. Iliyo sentimita 25 hupanda 8 na nusu. Propela za boti hizi huzungushwa karibu sana na uso wa maji, kwa hiyo tofauti hiyo inatosha kuifanya ile ya nje imeze hewa. Injini inanguruma ghafla, mshale wa mizunguko unaruka, na msukumo wa upande mmoja unakatika boti ikiwa bado imelala. Dereva anajikuta anapambana na usukani pale pale anapouhitaji umtii. Propela zikikaribiana, zote mbili hubaki majini, na boti hutoka kwenye kona ikisukumwa sawasawa.

Kuna na suala la mbele na nyuma. Uzito ukirundikana tezi, omo, yaani sehemu ya mbele, huinuka sana boti inapoanza kupanda juu ya maji, na ikishashika kasi inaweza kuanza kudundadunda, omo ikipanda na kushuka hata kama bahari imetulia. Injini moja ikisogea mbele, tabia hiyo hupungua. Lakini si vizuri kuzidisha. Omo ikiwa nzito mno hulowesha sehemu kubwa ya tumbo, kasi inapungua, na kwenye wimbi la kutoka nyuma inaweza kujichomeka majini.

Gharama zipo. Shafti ndefu inataka beringi na kifuniko imara, na ikiwekwa bila kunyooshwa vizuri itatetemesha boti yote. Injini ya mbele inakula nafasi ya abiria, na fundi anayeihudumia hujipenyeza kwa shida. Kwa boti pana, au ya kutembelea ziwa tulivu, ningechagua injini sambamba bila kusita. Kupisha kunalipa pale boti inapokuwa nyembamba na bahari ina mawimbi.

Siku hizi boti nyingi za kasi zimehamia injini za kufunga nje. Boti ya Cigarette 59 Tirranna hubeba injini sita za Mercury 450R zilizopangwa mstari mmoja tezi, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 313 hivi, yaani karibu kilo 1,900 zinazoning'inia nyuma. Hapo huwezi kupisha chochote. Mchoraji hutafuta mizani yake kwingine: mahali pa matangi ya mafuta, mahali pa viti, na ngazi zinazokatwa chini ya tumbo ili maji yaachie mapema.