Sungura wawili wasioachana: maswali kabla ya kuwahasi

Watoto wangu hapa Kampala wana sungura wawili wa tumbo moja, dume na jike. Wana miezi mitatu na hulala wamebanana. Kweli niwatenge?

Watenge leo. Undugu hauwazuii kupandana. Korodani za dume hushuka akiwa na wiki 10 hadi 12, na jike wa aina ndogo anaweza kushika mimba kabla hajafikisha miezi minne. Tena jike hangoji siku za joto, yaani za kutaka dume, kama mbwa: yai hutoka baada ya kupandwa, kwa hiyo mlango ukisahauliwa wazi dakika moja, imetosha. Mimba ni siku 31 hivi, na anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa.

Si watasahauliana, halafu wapigane?

Watasahauliana ukiwaweka mbalimbali. Weka vizimba viwili jirani, waonane na kunusana hewani, lakini acha nafasi ya vidole vinne kati ya nyavu, maana hung'atana pua kupitia matundu. Chakula kiwekwe upande wanaotazamana: nyasi kavu kwa wingi, na fungu la kishona nguo, ile ssere ya Waganda. Kila siku mbili badilishana matandiko yao, kila mmoja alale penye harufu ya mwenzake. Dume akianza kurusha mkojo na kunguruma, usimchape. Ni balehe.

Lakini muuzaji alisema wote ni majike.

Wauzaji hukosea sana, hasa sungura wakiwa wachanga. Wapeleke kwa daktari awabonyeze taratibu pembeni mwa tundu la uzazi: dume hutokeza kijibomba cha mviringo, jike huonyesha mpasuko. Wakiwa madume wawili, bado watenge. Wakibalehe huumizana vibaya.

Wahasiwe lini, na nani?

Dume anaweza kuhasiwa korodani zikishashuka. Jike kwa kawaida miezi minne hadi sita. Usimwache jike kwa kuogopa kisu, kwani majike wasiohasiwa hupata sana saratani ya kizazi uzeeni.

Madaktari wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe, mbuzi na mbwa, kwa hiyo muulize wako waziwazi amewahi kuwapasua sungura wangapi. Akikuagiza umlaze njaa usiku kucha kabla ya upasuaji, tafuta mwingine. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake likikaa tupu utumbo hulegea ukasimama, jambo linaloua. Vilevile kataa dawa ya amoksilini ya kumeza: huua bakteria wema wa tumboni.

Dume amehasiwa jana. Nimrudishe kwa mwenzake?

Bado. Mbegu zilizosalia kwenye mirija zinaweza kutia mimba kwa wiki nne hadi sita. Naye jike mpe angalau wiki mbili kidonda kipone. Siku ya kuwakutanisha, tumia mahali ambapo hakuna aliyewahi kukaa, hata bafuni, na uwe na taulo mkononi la kuwatenganisha wakirukiana.