Igeuze Uone Chini: Ninavyoitafuta Pizza Bora New York

Kipande cha pizza kikiwekwa mbele yangu, cha kwanza ninachofanya ni kukiinua nitazame chini yake. Mimi ni mwokaji mikate. Nimezaliwa Mombasa, na huu ni mwaka wa kumi na sita nafanya kazi ya usiku katika tanuri la mikate hapa New York. Naingia saa nne usiku, natoka alfajiri nikiwa na unga hadi kwenye kope. Nyanya na jibini za juu anaweza kuzinunua yeyote mwenye pesa. Kazi ya mpishi iko chini: unga uliachwa uumuke kwa muda gani, sakafu ya tanuri ilikuwa na moto kiasi gani, na aliyekuwa akiitazama alikuwa macho au alikuwa na simu mkononi.

Mpwa wangu alipokuja kutembea mwaka jana, alinifungulia orodha ndefu aliyoikusanya mtandaoni. "Ami, kati ya hizi ipi ndiyo bora kabisa?" Nikamuuliza: unataka ya tanuri gani? Akadhani nakwepa swali. Sikuwa nakwepa. Katika mji huu yapo matanuri ya aina tatu, na kila moja limezaa chakula chake. Ukizipanga zote katika orodha moja, unafanya kama mtu anayeuliza kati ya chapati na mkate wa mofa kipi ni kitamu zaidi. Zote ni unga, lakini moja imeivia juu ya chuma na nyingine imebandikwa kwenye udongo wenye moto.

Tanuri la kwanza ni la makaa ya mawe, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Wahamiaji kutoka kusini mwa Italia walipofurika hapa mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na ujuzi wa pizza ya kuni. Mjini wakakuta makaa ya mawe kutoka Pennsylvania, yale magumu yanayotoa joto kali na moshi kidogo, na wakakuta waokaji mikate wanayatumia tayari. Anayetajwa zaidi kuwa wa kwanza kuuza pizza hapa ni Gennaro Lombardi wa Spring Street, na mwaka unaotajwa ni 1905, ingawa watafiti waliofukua magazeti ya zamani wameonyesha kwamba wapo waliouza pizza kabla yake. Mmoja wa watu waliofanya kazi kwa Lombardi, Anthony Pero, aliyejulikana kwa jina la Totonno, alifungua duka lake Coney Island mwaka 1924. Mwaka 1929 ikaja John's, ambayo leo iko Bleecker Street, na mwaka 1933 Patsy's ikafunguliwa East Harlem. Majina hayo yote yapo hadi leo.

Tanuri hili ni pango la matofali. Makaa yanawaka upande mmoja, pizza inakaa upande wa pili, na joto linapita nyuzi 400 za Selsiasi bila taabu. Hewa yake ni kavu. Pizza inaiva kwa dakika tatu hadi tano, kwa hiyo nje inakauka na kukamata rangi kabla unyevu wa ndani haujapata nafasi ya kutoroka. Hapo ndipo unapopata mkate unaovunjika kwa mlio ukiuma, halafu ndani yake laini. Wali ukikaa kwenye moto wa makaa mpaka ukafanya ukoko mwembamba wa rangi ya kahawa, unajua ladha ninayoisema.

Wageni wengi wakiona weusi hurudisha sahani wakilalamika kwamba imeungua. Tafadhali, usiirudishe kabla hujaigeuza. Pizza iliyopigwa na moto vizuri ina madoa meusi yaliyotawanyika juu ya rangi ya kahawa, kama ngozi ya chui, na harufu yake ni ya mkate. Iliyoungua imekuwa nyeusi tii kwa mfululizo, inaacha majivu kwenye vidole, na uchungu wake unakaa kooni. Ya pili ina haki ya kurudishwa. Na ikiwa chini ni nyeupe kama karatasi huku juu jibini limeshabadilika rangi, ujue sakafu ya tanuri ilikuwa imepoa, na mpishi hakusubiri ipate moto upya kabla ya kuingiza nyingine.

Matanuri ya namna hii hayaongezeki kwa urahisi. Ruhusa ya kujenga jipya ni ngumu kupatikana kwa sababu ya moshi, na mwaka 2024 mji ulianza kutumia sheria inayowataka wenye matanuri ya zamani ya makaa na kuni kupunguza chembe za masizi kwa asilimia 75, isipokuwa wakithibitisha kwamba haiwezekani. Baadhi ya wenzangu walikasirika sana. Mimi naiunga mkono. Nimefanya kazi kando ya moto maisha yangu yote na najua kifua cha mwokaji kinavyokuwa akifika miaka sitini. Jirani wa ghorofa ya juu, ambaye hata halipwi, ana haki zaidi ya kupumua hewa safi. Ninachosikitikia ni gharama. Chujio la moshi na kazi ya kulifunga si pesa ndogo kwa duka la familia.

Tanuri la pili ni la gesi, na hili ndilo lililoifanya pizza kuwa chakula cha kila mtu New York. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ira Nevin, aliyetoka vitani na ambaye ukoo wake ulikuwa wa mafundi wa matanuri, alitengeneza tanuri la gesi la kuokea pizza lenye sakafu ya mawe, na kampuni ya Bakers Pride ikalisambaza. Ni kama makabati mapana ya chuma yaliyopandishwa moja juu ya jingine. Halihitaji fundi wa makaa, linaingia kwenye chumba kidogo, na joto lake huwa karibu nyuzi 280 au 300. Pizza hukaa humo dakika sita hadi nane.

Dakika hizo za ziada zimebadilisha kila kitu. Jibini bichi la maji lingetoa maji yake yote na kuifanya pizza iwe kama uji, kwa hiyo likatumika jibini la mozzarella lililokaushwa, linaloyeyuka na kuvutika. Unga ukawa mwembamba, wenye nguvu, unaoweza kubeba mafuta ya jibini bila kuchanika. Pizza ikapanuliwa kufikia inchi 18, ikakatwa vipande vinane, na kila kipande kikauzwa peke yake. Hicho ndicho kipande cha New York: unakikunja katikati kwa urefu, ncha inasimama, unakula ukitembea. Ncha ikilala na vitu vikamwagika, aidha unga ulikuwa dhaifu au jibini ni jingi mno. Joe's ya Carmine Street inafanya kazi hii tangu 1975, na kipande chake cha kawaida ndicho ninachompa mgeni anayetaka kujua kipande kinatakiwa kuwaje.

Utaona muuzaji akichukua kipande kilichokaa kwenye kabati la kioo na kukirudisha tanurini dakika moja au mbili. Usidhani umepewa kiporo. Kikirudi vizuri kinakuwa kikavu zaidi chini na kinalia kikiumwa. Wapo wanaokipenda hivyo kuliko kipya. Kosa ni kipande kilichokaa tangu asubuhi mpaka jibini limekuwa na ngozi ngumu ya njano. Hicho hakirudishwi uhai na moto wowote.

La tatu ni la kuni, kwa mtindo wa Napoli, mji wa kusini mwa Italia. Chama cha pizza halisi ya Napoli kilichoanzishwa mwaka 1984 kinaelekeza joto la nyuzi 430 na zaidi, na pizza iive kwa sekunde 60 hadi 90. Inatoka laini, katikati ina majimaji, kingo zimefura na kutobokatoboka. Uile palepale, kwa kisu na uma. Zipo nzuri New York, lakini kama hiyo ndiyo hamu yako hasa, weka akiba ya nauli uende kwao.

Kuna na ya mraba, inayookwa kwenye sinia la chuma. Sisi waokaji mikate tunaiheshimu kwa sababu ni mkate kwelikweli. L&B Spumoni Gardens ya 86th Street, Brooklyn, ipo tangu 1939, na wao huweka jibini chini kisha mchuzi wa nyanya juu. Jibini linaukinga unga usiloweshwe na mchuzi. Ni jambo dogo lililofikiriwa vizuri.

Sasa unga wenyewe, maana hapa ndipo maduka mengi yanapoangukia. Pizza ya New York inataka unga wa ngano wenye protini nyingi, asilimia 13 au 14, maji, chumvi na hamira kidogo sana. Kisha inataka muda. Mama yangu alikuwa akikanda mahamri jioni, akaufunika unga kwa kitambaa, na asubuhi akaukata. Hakuwa na haraka, na mahamri yake yalikuwa na harufu ambayo ya dukani hayakuwa nayo. Wapishi wazuri wa pizza hufanya vivyo hivyo kwa friji: madonge hukaa kwenye baridi siku moja, mbili, hata tatu. Hamira inafanya kazi polepole, ladha inajengeka, na unga unakuwa mtiifu, ukiuvuta kwa mikono hauruki kurudi. Unga ulioharakishwa kwa hamira nyingi unaujua kwa harufu ya hamira yenyewe, na kingo zake ukizipasua hazina matundu, zimeshikana kama sifongo.

Watu watakuambia siri ni maji ya New York. Maji yetu ni mazuri, yanatoka milima ya Catskill na bonde la Delaware, na hayana chumvi nyingi za madini. Lakini nimekanda unga kwa maji haya kila usiku kwa miaka kumi na sita, na nimeona maji hayohayo yakitoa mikate mibaya kwa mikono mibaya. Kinachonikera zaidi ni unga uliotiwa potasiamu bromati, kemikali inayoupa unga nguvu na ambayo kwa miaka mingi imeruhusiwa hapa. Ulaya na Kanada wameipiga marufuku, na California imepitisha sheria mwaka 2023 ya kuiondoa kuanzia 2027. Magunia ya unga mara nyingi hupangwa mahali pa wazi dukani. Soma yameandikwa nini. Neno "unbromated", yaani haukutiwa bromati, likiwepo, mwenye duka huyo amefikiria.

Ninapojaribu duka jipya, naagiza kipande kitupu cha jibini na nyanya. Sababu ya kwanza ni kwamba hapo hakuna pa kujificha. Ya pili inawahusu wenzangu Waislamu: pepperoni, ile soseji ya vipande vyembamba inayopangwa juu ya pizza, hapa kwa kawaida ina nyama ya nguruwe, na kisu kinachokata pizza moja hukata na nyingine, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Maduka ya halali yapo, hasa Queens na Brooklyn, na baadhi yanaoka vizuri kabisa.

Naenda saa wanafunzi wanapotoka shule, karibu saa tisa mchana. Saa hiyo pizza hazikai. Inatoka, inaisha, inatoka nyingine. Duka la kawaida saa tisa mchana linalishinda duka maarufu wakati limepoa. Nimewahi kusimama foleni kwa muda wa karibu saa mbili kwa ajili ya jina kubwa, nikapewa kipande kilichopoa, unga mbichi katikati. Niliumia kwa sababu nilijua mikono ile inaweza zaidi ya hapo. Na usiibebe pizza nzuri ndani ya sanduku kwa nusu saa. Mvuke unarudi kwenye unga, na ule ukavu uliotafutwa kwa moto wote ule unakwisha njiani. Ndiyo maana kwa siku za kawaida pizza bora ni ya duka zuri lililo karibu na mlango wako, na kila mtaa wa mji huu una wajibu wa kulitafuta la kwake.

Lakini mpwa wangu alikuwa na siku moja tu, kwa hiyo nilimpangia hivi. Tulianza mchana East Harlem, Patsy's ya First Avenue na mtaa wa 118, kwa sababu ni nadra kupata kipande kimoja kimoja kutoka tanuri la makaa. Kwingine kama John's lazima ununue pizza nzima. Kisha tukatembea karibu nusu saa hadi 96th Street na kupanda treni ya Q kutoka mwanzo wake. Tukashuka Avenue J, Brooklyn. Hapo kuna Di Fara, iliyofunguliwa mwaka 1965 na Domenico De Marco, mzee aliyesimama mbele ya tanuri la gesi kwa zaidi ya miaka hamsini, akikatia majani ya mrehani kwa mkasi juu ya kila pizza. Alifariki mwaka 2022. Mpwa wangu alikishika kipande chake, akakiinua, akatazama chini, akanionyesha bila kusema neno.

Treni ileile inakwenda hadi mwisho wa reli, Coney Island, na Totonno's iko Neptune Avenue, mwendo mfupi kwa miguu. Piga simu kwanza uhakikishe wamefungua. Wanauza pizza nzima tu, kwa hiyo nenda na mwenzako, na mkimaliza, bahari iko mitaa mitatu mbele. Ni Atlantiki, maji yake ni baridi hata mwezi wa Juni.