Shimo la Mchanga Chekechea: Namna ya Kuliandaa na Kulitunza

Vituo vingi vya chekechea Dar es Salaam vina uwanja mdogo, na kosa linalojirudia ni kuupanga pevingi wote ili watoto wasichafuke. Pevingi ni rahisi kufagia, lakini mtoto wa miaka minne hana cha kuchimba wala kumimina hapo, na akidondoka kwenye bembea ataumia vibaya. Shimo la mchanga la mita 3 kwa 3 lina faida kuliko bembea ya bei mbaya, mradi liandaliwe sawasawa.

Lichimbwe penye kivuli. Mwarobaini unafaa, chini ya mwembe mtahama embe zikianza kudondoka. Kina kiwe sentimita 50: chini tandaza kokoto sentimita 10, juu yake viroba vya sandarusi vilivyochanwa ili mchanga usizame kwenye kokoto, kisha mchanga sentimita 40. Huo ni mchanga wa mita za ujazo 3.6, na kwa kuwa tripu haina kipimo kimoja, muulize dereva gari lake linabeba kiasi gani. Bila kokoto, masika yakishika kasi mwezi wa nne mtakuwa na bwawa. Mabondeni kwenye mfinyanzi msichimbe kabisa. Jengeni ukingo wa tofali juu ya ardhi.

Mchanga wa bahari achaneni nao. Chumvi yake inawasha penye mikwaruzo, na kuuchota kunaongeza mmomonyoko wa fukwe. Chukueni wa mto uliooshwa. Kabla gari halijamwaga, loweka kiganja kimoja cha mchanga na uufinye: ukishikamana kama kitumbua na mkono ukabaki safi, unafaa. Ukiacha rangi mkononi una udongo, utakauka na kuwa mgumu.

Adui mkubwa ni paka. Kinyesi cha paka na mbwa hubeba minyoo ambayo viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mtoto aliye peku na kuchora mistari inayowasha. Funikeni shimo kwa turubai kila jioni, na asubuhi mtu apitishe reki mpaka chini kabla watoto hawajaingia. Maji yakituama juu ya turubai, yamwagwe. Kama ukingo ni wa matairi, toboeni kila tairi matundu manne upande wa chini: mbu wa dengi, ugonjwa ulioisumbua Dar mwaka 2014 na 2019, huzaliana kwenye maji kama hayo na huuma mchana, muda ule ule watoto wanapocheza. Tairi lililochanika hadi waya kuonekana halifai hata kukaliwa.

Vifaa havihitaji bajeti: makopo, vifuniko, chekecheo, vijiko vya mbao, madumu yaliyokatwa na kingo zake kulainishwa. Mwagieni ndoo mbili za maji kwanza, maana mchanga mkavu hauumbiki na upepo huupeleka machoni. Kisha mwalimu aweke kopo refu jembamba na lingine fupi pana, aulize: "Lipi litabeba mchanga mwingi?" Wengi watanyooshea refu. Asiwasahihishe. Awape kikombe kimoja, wajaze huku wakihesabu vikombe kwa sauti, na wakibisha wamimine upya. Hesabu ya namna hiyo haipatikani kwenye kuimba moja hadi ishirini.

Watoto wanane kwa zamu wanatosha. Wakizidi, kazi inakuwa kurushiana. Saa mbili hadi saa nne asubuhi ndio muda mzuri, kabla jua halijawa kali. Malalamiko ya sare chafu yapo, na yana haki, kwa hiyo kila mtoto aje na fulana kuukuu ya kuvaa juu. Wakitoka wanawe mikono kwa sabuni kabla ya uji.

Kama bembea ipo, chini yake pawe na mchanga wa sentimita 30 na upigwe jembe kila wiki, kwani ukishindiliwa na miguu unakuwa mgumu karibu kama pevingi.