Jeraha la DNA bado si mutesheni

Katika karibu kila semina ya sumukuvu (sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka) ninayoalikwa, hufika mahali mtu akasimama na kuwaeleza wenzake, kwa uhakika kabisa, kwamba ukishakula ugali wa mahindi yaliyoota ukungu, basi DNA yako imekwisha kubadilika. Safari hii msemaji alikuwa mkufunzi mwenyewe, tena na slaidi juu, akaongeza kwamba hayo ndiyo yaliyowaua watu wa Makueni na Kitui, Kenya, mwaka 2004. Hilo la mwisho limenishinda kunyamaza.

Mlipuko ule uliwapata watu 317 na kuwaua 125, na waliokufa walikufa kwa ini kushindwa kufanya kazi, kwa kuwa aflatoksini, ndiyo sumukuvu ya mahindi hayo, ikiwa nyingi kwa mkupuo huua seli zenyewe. Mutesheni, yaani badiliko la kudumu katika mfuatano wa DNA, haimuui mtu kwa wiki chache. Saratani ya ini, ambayo kweli ina uhusiano na mutesheni, huchukua miaka.

Twende kwenye DNA. Aflatoksini B1, aina mojawapo ya sumu hiyo, kama ilivyo haina ubavu wa kushikamana nayo. Vimeng'enya vya ini vya kundi la P450, katika kuhangaika kuitoa mwilini, ndivyo vinavyoigeuza kuwa epoksidi, umbo linaloshikamana na DNA kwa urahisi. Sehemu ya epoksidi hiyo hunaswa na glutathioni, molekuli ya seli ya kunasa sumu, na ile inayoponyoka hujibandika kwenye guanini (G), mojawapo ya besi nne, yaani herufi za DNA, katika nafasi ya N7. Hapo DNA imejeruhiwa, lakini mfuatano wa besi ni uleule: guanini bado ni guanini, ingawa imebebeshwa mzigo, na kwenye uzi wa pili sitosini (C), besi mwenzi wake, imekaa mkabala nayo kama shahidi. Kwa ushahidi huo seli hukarabati: hukata kipande cha besi takriban 24 hadi 32 chenye jeraha, polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, hujaza pengo kwa kuusoma uzi usiojeruhiwa, ligasi, kimeng'enya cha kuunganisha, huunga, basi.

Hata asiyegusa mahindi mabovu ana majeraha ya namna hii kila siku, kwa sababu DNA iliyomo majini huvunjika yenyewe. Tomas Lindahl, aliyepata Nobeli ya kemia mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar, ndiye aliyetufanya tulichukulie jambo hilo kwa uzito, na makadirio yanayonukuliwa ni kwamba kila seli hupoteza purini (besi za guanini na adenini) takriban 10,000 kwa siku. Vitabu huikariri nambari hiyo kana kwamba kuna mtu aliyekaa ndani ya seli akihesabu, ilhali chimbuko lake ni vipimo vya DNA iliyosafishwa maabara, kisha hesabu zikafuata. Mimi huitumia kuonyesha ukubwa wa tatizo tu. Lakini hata ukiigawa kwa kumi, kama kila jeraha lingekuwa mutesheni, hakuna ambaye angefikia umri wa kubishana nami.

Mutesheni hupatikana pale seli inapoinakili DNA kabla ya kuikarabati. Polimerasi ya kawaida ikifika kwenye guanini yetu hukwama, na seli huita polimerasi za akiba, zinazoweza kupita juu ya jeraha lakini hazina umakini, na mara nyingine huweka adenini mahali pa sitosini. Hata hapo bado. Katika mgawanyiko unaofuata adenini hiyo husomwa, thaimini huwekwa mkabala nayo, na jozi inayopatikana ni safi kama jozi nyingine yoyote ya A na T. G imekuwa T, na hakuna kimeng'enya cha ukarabati kitakachoigusa, kwa kuwa vimeng'enya hivyo hutafuta kilichoharibika, na hapa hakuna kilichoharibika. (Makosa ya kunakili yasiyotokana na jeraha lolote yapo pia, na mivunjiko ya nyuzi zote mbili ina mambo yake, leo siyagusi.)

Ndiyo maana homa ya ini B ina uzito mkubwa hivi. Seli za ini la mtu mzima hugawanyika kwa nadra, hivyo ukarabati huwa na muda. Virusi vinapoleta uvimbe wa kudumu, seli hufa, nyingine hugawanyika haraka kuziba nafasi, na majeraha hunakiliwa kabla ya zamu yao kufika. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1992 ulikuta kwamba kwa watu wenye virusi na aflatoksini kwa pamoja, hatari ya saratani ya ini ilipanda takriban mara 60, mbali kabisa na jumla ya hatari ya kila kimoja kikiwa peke yake.

Slaidi ile ilikuwa pia na kodoni (kundi la besi tatu) ya 249 ya jeni TP53, jeni inayozuia saratani, AGG kuwa AGT, ikiitwa saini ya aflatoksini. Ni kweli huonekana sana palipo na sumukuvu na homa ya ini B. Ila maabara zimeonyesha kwamba sumu hujibandika kwenye guanini nyingine nyingi za jeni hiyohiyo, na swali la kwa nini hii ndiyo inayojitokeza bado lina ubishi. Mimi naelekea kuamini kwamba seli yenye kasoro hiyo huzishinda nyenzake kwenye ini lenye virusi, lakini sitaapa.

Kupika hakuondoi aflatoksini, kwa hiyo kaushia mahindi kwenye turubai na uchambue punje zilizooza. Chanjo ya homa ya ini B nayo haipunguzi sumu hata chembe kwenye gunia, wala haikarabati DNA. Humkinga mlaji dhidi ya saratani hiyohiyo kwa sababu ini lisilo na virusi haligawanyi seli zake kwa pupa.