Je, wajua kwa nini ngoma huota moto kabla ya kupanda jukwaani?

Ukiwahi kufika kwenye jioni ya ngoma mchanganyiko, yaani ngoma fupi kadhaa za aina mbalimbali, huko Njombe au Tukuyu, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, utawakuta wapigaji nje ya ukumbi wamezunguka moto wa mabua ya mahindi, ngoma zimelazwa midomo ikiuelekea moto. Mgeni hudhani watu wanajikinga na baridi. Kumbe inayoota moto hasa ni ngozi.

Ngozi iliyowambwa ngoma haikutengenezwa kwa dawa kama ya viatu. Imekaushwa tu, kwa hiyo nyuzi zake hunywa unyevu wa hewani. Zikishiba hutanuka, ngozi hulegea, na mlio hushuka na kufifia. Usiku wa Mei hadi Agosti nyanda za juu huwa na baridi na ukungu, na Tukuyu, inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, unyevu haukauki hivihivi. Moto huufukuza. Nyuzi husinyaa, na kwa kuwa zimebanwa na vigingi au kamba pande zote, ngozi hujikaza na sauti hupanda.

Kuiotesha kunataka mkono wa mtu mzoefu. Pima kwa kiganja: pale ambapo mkono hauvumilii, ngozi nayo haivumilii. Igeuze kila mara, na kila baada ya dakika moja au mbili ipige kidogo usikilize. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba, hukaza haraka na hulegea haraka. Ya ng'ombe kwenye ngoma kubwa huchelewa kupata joto lakini hudumu zaidi. Makosa mengi huja kwa pupa. Ndimi za moto zikiigusa, ngozi hukauka kama karatasi na kuchanika kwenye vigingi, mahali panapovutwa zaidi. Gogo nalo likielekezwa motoni badala ya mdomo, hupasuka. Pasipo ruhusa ya kuwasha moto, balbu ya zamani yenye uzi huwekwa ndani ya ngoma iliyo wazi chini, bila kugusa ngozi wala mti. Balbu ya LED haifai kwa kazi hiyo, haina joto la kutosha.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba joto halidumu. Ndani ya ukumbi, pumzi na jasho la watazamaji huirudishia ngozi unyevu. Makampuni ya baleti, dansi ya jukwaani yenye asili ya Ulaya, nayo huandaa jioni mchanganyiko ya michezo mitatu au minne mifupi, lakini mapumziko yao ni ya kubadili mandhari na mavazi. Huku kwetu mpangaji mzuri wa ratiba hufuata hali ya ngozi. Mganda, mchezo wa ngoma wa watu wa Ziwa Nyasa, uliochukua gwaride la askari wa kikoloni na kuligeuza mchezo wa wanakijiji wenyewe, unastahili kutangulia ngoma zikiwa moto: wachezaji hutembea kwa mistari, na mlio ukififia mstari wa nyuma huchelewa hatua. Kisha ziimbwe nyimbo za makofi na njuga, ngoma zirudi nje kuota tena.

Onyesho likiisha, ngoma iachwe ipoe polepole mahali pakavu penye hewa. Ikifungwa kwenye nailoni ingali na joto, hutoa jasho humo ndani, ikalowa, na baada ya siku chache ikaanza kuota ukungu.